Nge wa ukubwa gani? Kuchagua filamu ya nge, kwa watazamaji wa Mtwara na Lindi

Kuna filamu ya Indiana Jones ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Steven Spielberg, ambamo kijana mmoja anaumwa na nge ndani ya makaburi ya kale huko Peru. Kijana anapagawa, anauliza kama atakufa. Indiana anamuuliza nge mwenyewe alikuwa na ukubwa gani. Mkubwa kweli kweli, kijana anajibu. Mzee anatulia: afadhali huyo. Akikuuma mdogo, usikae kimya.

Watu hucheka hapo, lakini maneno yale yana ukweli. Nge mwenye magando manene na mkia mwembamba huwinda kwa nguvu za magando, na sumu yake mara nyingi ni hafifu. Mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa silaha yake yote iko nyuma. Tanzania tunaye nge mkubwa mwenye magando mekundu ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani humnunua na kumweka sebuleni ndani ya sanduku la kioo. Sura yake inatisha, ila sumu yake si kali. Kanuni hiyo ina vighairi vyake na haifai kuwa sababu ya kumdharau nge yeyote, lakini mwelekeo wake ndio huo.

Kipimo hichohicho nakitumia kuchagulia filamu. Kadiri nge anavyokuzwa kwenye kioo cha sinema ndivyo anavyopungua makali. Nge mrefu kuliko lori hutazamwa kwa furaha huku watu wakitafuna korosho. Nge wa urefu wa kidole anayepanda kwenye ukosi wa shati humfanya mtu mzima anyanyue miguu kutoka sakafuni. Kwa hiyo filamu hizi nimezipanga kwa ukubwa wa nge, kuanzia anayeangusha treni hadi yule asiyeonekana kabisa, na nasema mapema kwamba moyo wangu uko kwa wadogo. Mwenye kibanda umiza, ukumbi mdogo wa kuonyesha filamu, pale Chikongola anayetafuta picha ya Jumamosi usiku ana haja yake, na mzazi wa Lindi anayetafuta ya kutazama na watoto ana yake. Nitasema ipi inamfaa nani.

Majitu: ya mwalimu na ya mwanafunzi

Ukitaka jitu, chagua kati ya filamu mbili ambazo watengenezaji wake walirithishana kazi. The Black Scorpion ni ya mwaka 1957, nyeusi na nyeupe, dakika 88. Volkano inalipuka Mexico, ardhi inapasuka, na kutoka kwenye mapango ya chini wanatoka nge wa kutisha. Clash of the Titans, ile ya kwanza, ni ya mwaka 1981, ina rangi, inakaribia saa mbili, na nge wake wanazaliwa kutokana na damu ya Medusa, mwanamke wa hekaya za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele, inayodondoka kutoka kwenye furushi lenye kichwa chake. Aliyewatembeza nge wa mwaka 1957 ni Willis O'Brien, yuleyule aliyemtembeza King Kong mwaka 1933, akiwa na Pete Peterson. Aliyewatembeza wale wa 1981 ni Ray Harryhausen, ambaye alifanya kazi chini ya O'Brien katika Mighty Joe Young ya 1949. Clash ilikuwa filamu yake ndefu ya mwisho.

Ufundi wenyewe unastahili heshima. Sanamu dogo lenye viungo vya chuma ndani linasogezwa kidogo, linapigwa picha moja, linasogezwa tena, linapigwa nyingine. Sekunde moja ya filamu inataka picha 24. Sasa hesabu viungo vya nge: miguu minane, magando mawili, mkia wa pingili tano na kifuko cha sumu kwenye ncha. Fundi akisahau mguu mmoja tu, mnyama ataonekana anachechemea. Mchonga vinyago wa Kimakonde akikaa mbele ya filamu hizi ataziona mara moja zile saa za kazi zilizofichwa ndani ya kila hatua.

Kama picha ya nge, namweka mwalimu mbele ya mwanafunzi. Katika The Black Scorpion nge ndio habari yote. Ile sehemu ambapo wanaiangusha treni usiku na kuwachomoa abiria kutoka kwenye mabehewa yaliyolala ubavu bado inakamata hata leo, na mwishoni jeshi linapambana na nge wa mwisho ndani ya uwanja wa michezo wa jiji la Mexico, kwa vifaru, helikopta na mkuki wa umeme unaolengwa kooni. Katika Clash unasubiri zaidi ya saa moja ndipo nge watokee, wanapigwa kwa panga, wanakwisha, hadithi inaendelea na mambo mengine.

Ila usiende na matumaini yasiyo na kiasi. Watengenezaji wa The Black Scorpion waliishiwa fedha kabla ya kumaliza, na nge anapoingia jijini kuna vipande ambavyo unaona kivuli cheusi tu kikipita juu ya watu, kwa sababu picha ya mnyama haikuwahi kubandikwa mahali pake. Pia kuna uso mkubwa wa bandia unaodondosha udenda, unaorudishwa tena na tena, na haufanani na yule nge mzuri wa O'Brien. Na nge wale wananguruma kama simba! Nge wa kweli hana sauti ya koo. Baadhi ya nge husugua viungo vyao vikatoa mlio wa mkwaruzo wa kuonya, na kwa maoni yangu mlio huo ungetisha kuliko mngurumo wowote, kama kuna mtu angefikiria kuuweka.

Kwa kibanda, basi, The Black Scorpion, mradi watazamaji wakubali picha isiyo na rangi. Kwa nyumbani Clash inaweza kufaa, ila mzazi ajue ina vipande vifupi vya utupu. Clash iliyorudiwa mwaka 2010 ina nge wakubwa zaidi, waliotengenezwa kwa kompyuta, hadi watu wanawapanda mgongoni kuvuka jangwa. Wanavutia macho. Lakini nge akishageuzwa punda wa safari, sioni tena kwa nini alikuwa nge.

Watu walioitwa nge

Mpwa wangu aliyeko Lindi ana msimamo mkali hapa. "Mjomba, ya nge ni Scorpion King. Nyingine hizo za wazee." Namuelewa. The Scorpion King ya mwaka 2002 ina Dwayne Johnson kama steringi, ina mapigano tangu dakika za mwanzo, na ndani ya kibanda kilichojaa haina dakika ya kusinzia. Nge ndani yake ni sumu: Mathayus, ndiye steringi huyo, anapigwa mshale uliochovywa sumu ya nge, mwanamke mwenye uwezo wa kuona yajayo anamponya, na tangu hapo sumu inabaki kwenye damu yake. Ni wazo zuri, kwamba kilichokusudiwa kumuua kinakuwa jina lake. Lakini filamu inalipita haraka ikirudi kwenye mapanga.

Mhusika huyo alianza mwaka mmoja nyuma katika The Mummy Returns, ambako mwishoni anatokea akiwa nusu mtu, nusu nge. Kiwiliwili kile cha kompyuta kilikosolewa sana, na kwa haki, kwa maana uso wa Johnson unang'aa kama wa mwanasesere. Kama lengo ni nge, ruka hiyo, chukua ya 2002.

Jambo ambalo filamu hizo mbili hazikulitumia vya kutosha ni kwamba Misri ya kale kweli ilikuwa na mfalme anayejulikana kwa alama ya nge. Kichwa cha rungu lake la mawe, chenye mchoro wa mfalme ameshika jembe na nge mbele ya uso wake, kilichimbuliwa Hierakonpolis mwishoni mwa karne ya 19 na kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Ashmolean, Oxford. Wamisri walikuwa pia na mungu wa kike aliyeitwa Serket, mwenye nge kichwani. Sanamu yake ya kudhahabishwa ilikutwa katika kaburi la Tutankhamun, imenyoosha mikono kulinda. Kwao nge alikuwa mwuaji na mlinzi kwa wakati mmoja. Filamu za Marekani zimechukua nusu moja.

Chaguo langu katika kundi hili ni picha la Kichina: Five Deadly Venoms ya mwaka 1978, ya Chang Cheh, kutoka studio ya Shaw Brothers ya Hong Kong. Mwalimu anayekaribia kufa amewafundisha wanafunzi watano mitindo ya viumbe vya sumu: tandu, nyoka, nge, mjusi na chura. Walipokuwa wakijifunza walivaa vinyago, kwa hiyo wengine hawajuani kwa sura. Mwanafunzi wa sita na wa mwisho anatumwa awatafute, ajue nani mwema na nani mbaya. Nge ndiye anayefichwa kwa muda mrefu kuliko wote, na sitamtaja.

Kwa mtu aliyekulia nyanda za Newala filamu hii ina utamu wake. Anayecheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, akishavaa kinyago chake hatajwi jina mbele ya wasioingizwa jandoni, na kila mtu uwanjani anamtazama akijiuliza huyu ni nani, mwendo wake ni wa nani. Filamu nzima imesimama juu ya swali hilo. Na yule mwenye mtindo wa nge anapiga kwa miguu, teke linatoka juu kama mkia unavyoruka kichwani, pigo la ghafla kutoka upande usioutazama. Hapo mtengenezaji alimwangalia nge vizuri. Tahadhari ni moja: kuna sehemu za mateso ambazo si za watoto hata kidogo.

Kuna pia filamu ya Kijapani ya mwaka 1972 ya Shunya Ito, ya mwanamke mfungwa anayeitwa Nge, iliyochezwa na Meiko Kaji. Ni kali, ina ukatili mwingi dhidi ya wanawake, na macho ya Kaji yana sumu kuliko magando yote niliyoyataja. Ni ya mtu mzima, peke yake, siyo ya ukumbi.

Nge wa ukubwa wake mwenyewe

Hapa ndipo mambo yanaponoga.

Anza na James Bond, kwa sababu wengi mmemwona. Katika Diamonds Are Forever ya mwaka 1971 wauaji wawili wanamtumbukiza nge ndani ya shati la daktari wa meno jangwani Afrika Kusini, na yule bwana anakufa papo hapo. Huo ni uongo, na uongo wa aina hiyo una madhara. Hata nge mwenye sumu kali hawezi kumuangusha mtu kwa sekunde chache. Walio wengi kati ya aina zaidi ya 2,000 za nge hawana uwezo wa kumuua mtu mzima, na wale wenye uwezo huo huchukua saa. Saa hizo ndizo mtoto aliyeumwa anazohitaji kufikishwa zahanati, na mtu aliyezoea kuamini kifo cha papo hapo atakata tamaa au atamkimbizia mahali pasipo dawa. Katika Skyfall ya mwaka 2012 Bond anakunywa pombe mbele ya watu huku nge ametulia juu ya mkono wake. Ni sekunde chache tu, na zinaeleza zaidi kuliko kile kifo cha jangwani: unamwona mtu ambaye hajali tena kama ataishi.

Kwa watoto, jibu langu halina wasiwasi: Honey, I Shrunk the Kids, ya Disney, mwaka 1989, dakika 93. Baba mvumbuzi anawapunguza watoto kwa bahati mbaya hadi wanakuwa wadogo kuliko punje ya mahindi, na bustani ya nyumbani inageuka msitu. Angalia werevu wake: nge hakukuzwa. Nge ni yule wa kawaida, watu ndio waliopunguzwa. Kwa hiyo mtoto anaogopa kwa kiasi sahihi, halafu anamwona sisimizi aliyefanya urafiki na watoto akiingia kati kuwatetea dhidi ya nge, na sisimizi huyo anakufa. Andaa leso. Mtoto akishatazama hiyo hatamkanyaga sisimizi kwa mchezo.

Lakini picha kubwa kuliko zote za nge halisi ni dakika za kwanza za The Wild Bunch, ya Sam Peckinpah, mwaka 1969. Mwaka wa hadithi ni 1913, mpakani mwa Texas na Mexico. Wanaume waliovaa sare za jeshi wanaingia mjini juu ya farasi, wametulia, na kando ya njia watoto wamechuchumaa wakizunguka kitu. Wanacheka. Kamera inasogea: wamewaweka nge wawili katikati ya kundi kubwa la siafu wekundu, wanawachokoza kwa vijiti. Nge wanapiga mikia huku na huku, wanaua siafu, siafu hawaishi. Baadaye watoto wanawafunika wote kwa majani makavu na kuwasha moto. Wazo hilo lilitoka kwa Emilio Fernández, mwongozaji wa Mexico aliyeigiza kama jenerali ndani ya filamu hiyo. Alimsimulia Peckinpah mchezo wa utotoni mwake.

Hakuna mtu ndani ya filamu anayeeleza maana ya tukio lile, na halihitaji maelezo. Wanaume wale wa farasi ni nge: wana sumu, wanaogopwa, na wamezungukwa na wengi kuliko wanavyoweza kuua. Utakumbuka hayo mwishoni, karibu saa mbili na nusu baadaye. Na mtu yeyote wa kusini aliyewahi kuona siafu wakiingia ndani ya nyumba usiku anajua kwamba kati ya nge na siafu, wa kuhesabiwa ni siafu.

Kuna imani iliyoenea duniani kwamba nge akizungukwa na moto hujichoma mwenyewe afe. Hajiui. Sumu yake haimdhuru sana mwenyewe. Joto linamkausha, mwili unakakamaa, mkia unarushwa ovyo, na anayetazama anadhani amekata shauri. Peckinpah hakutumia hadithi hiyo ya uongo. Aliwaacha nge wapigane hadi mwisho, na namshukuru kwa hilo.

Anayetaka kumwona nge bila hadithi ya mtu kabisa atafute dakika za mwanzo za L'Âge d'or ya Luis Buñuel, ya mwaka 1930. Buñuel alichukua vipande vya filamu ya sayansi ya Ufaransa iliyotengenezwa mwaka 1912, akaviweka mwanzoni mwa filamu yake: nge akichimba, nge akipambana na panya, maneno ya maelezo yakieleza mkia na kifuko cha sumu kama kwenye darasa la biolojia. Filamu iliyobaki ni ndoto za ajabu na wengi wataichoka. Dakika zile za kwanza zinatosha.

Ninachokitamani, na ambacho watengenezaji wa hadithi wangekitumia kama wangemtazama mnyama kwa upendo kidogo, ni mambo mengine ya nge. Dume na jike hushikana magando wakatembea mbele na nyuma, wakati mwingine kwa saa kadhaa, kabla ya kupandana. Jike hazai mayai, huzaa watoto hai, nao hupanda mgongoni kwake na kukaa huko, weupe na laini, mpaka wajivue ngozi ya kwanza. Na usiku, ukimmulika kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, nge hung'aa rangi ya kijani na buluu. Hayo yote ni sinema tayari.

Nge wa maneno tu

Hadithi yenyewe mnaijua. Nge anamwomba chura amvushe mto. Chura anakataa, utaniuma. Nikikuuma tutazama wote, anajibu nge. Chura anakubali, na katikati ya maji anaumwa. Kwa nini? Ndiyo tabia yangu. Wazee wangesema tabia ni ngozi.

Orson Welles, mwongozaji na mwigizaji wa Marekani, aliisimulia katika Mr. Arkadin, mwaka 1955, kwenye karamu, kwa ile sauti yake nzito, na tangu hapo sinema haijaiacha. Waajemi walikuwa na ya kwao mapema zaidi: katika kitabu cha hadithi cha Kashifi, cha karne ya 15, anayembeba nge ni kobe, na mwiba unagonga gamba bila kumdhuru. Mimi naipenda hiyo zaidi, kwa sababu inamwachia aliyetenda wema nafasi ya kuishi.

Filamu mbili za kulinganisha hapa ni The Crying Game ya Neil Jordan, ya 1992, na Drive ya Nicolas Winding Refn, ya 2011. Zote ni za watu wazima. Katika ya kwanza askari wa Uingereza ametekwa Ireland ya Kaskazini na anamsimulia hadithi hiyo mlinzi wake, aliyetumwa kumlinda na pengine kumuua. Anamsimulia kwa sababu maisha yake yanategemea kama mlinzi ni nge au chura. Hadithi inarudi baadaye kwa mdomo mwingine, na inapokuja mara ya pili imebadilika uzito bila kubadilika neno. Jordan alipata tuzo ya Oscar kwa uandishi wa filamu hiyo, na ukiisikia mara ya pili utaona kwa nini.

Katika Drive nge ni nakshi ya dhahabu mgongoni mwa koti jeupe la dereva, Ryan Gosling. Refn alipata tuzo ya uongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka huohuo. Ni filamu nzuri kwa macho, dakika 100, yenye mwendo wa magari wa kusisimua na ukatili wa ghafla unaoshtua. Dereva anaitaja hadithi ya nge na chura kwenye simu, kama tishio. Ukifikiri kidogo unaona kwamba kazi yake ni kuwabeba wengine wavuke, yaani yeye ndiye chura, na nge amempanda mgongoni kweli. Hilo ni jambo la akili. Lakini ni koti. Ukiniambia nichague moja kati ya hizo mbili, nachukua The Crying Game bila kusita, kwa sababu ndani yake hadithi inamtoka mtu anayeogopa kufa.

Na ile ninayoipendekeza kwa dhati

The Song of Scorpions ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Locarno mwaka 2017. Nchini India iliingia kwenye kumbi mwaka 2023, miaka mitatu baada ya Irrfan Khan, mwigizaji wake mkuu wa kiume, kufariki. Mwongozaji ni Anup Singh, na kwetu kuna jambo la kuongeza: alizaliwa Dar es Salaam. Filamu ni ya jangwa la Rajasthan, katika lugha ya Kihindi, lakini mtu aliyeitengeneza alianza maisha yake kwenye pwani yetu hii.

Nooran, aliyechezwa na Golshifteh Farahani, anajifunza kwa bibi yake kazi ya kuimba ili kuwaponya walioumwa na nge. Bibi ni Waheeda Rehman, ambaye wazee wetu waliozoea picha za Kihindi watamtambua mara moja. Aadam, mfanyabiashara wa ngamia, anausikia wimbo wa Nooran na kumpenda. Kisha unatokea usaliti mbaya, na sumu inayoingia kwa Nooran haitoki kwa nge. Wimbo unampotea. Sehemu iliyobaki ni safari ya kuutafuta.

Naiweka juu ya zote kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi inayojali mtu aliyeumwa. Nyingine zote zinashughulika na anayeuma: ukubwa wake, koti lake, teke lake. Huku kwetu, mtu anapolia usiku kwamba ameumwa na nge, nyumba nzima huamka, mmoja anatafuta tochi, mwingine maji, mzee anaitwa, dua inasomwa, na kila mtu anaketi kando ya maumivu ya mwenzake mpaka alfajiri. Filamu hii inakujua kuketi huko. Nge wenyewe wanaonekana kidogo sana, na hofu yao imejaa kila mahali.

Niseme na hili wazi kwa wazazi. Wimbo ni wa filamu. Aliyeumwa, hasa mtoto, asafishwe jeraha kwa maji na sabuni, awekewe kitu cha baridi, asichanjwe wala kunyonywa, kisha apelekwe zahanati au hospitali. India yenyewe ina daktari aliyeyabadilisha mambo: Himmatrao Bawaskar, wa jimbo la Maharashtra, ambaye tangu miaka ya 1980 alionyesha kwamba dawa ya kushusha shinikizo la damu iitwayo prazosini huokoa walioumwa na nge mwekundu wa huko, nge ambaye kabla ya hapo aliua wagonjwa wengi waliofika hospitali. Siku moja natamani kuiona filamu ya maisha ya daktari huyo.

Udhaifu wa The Song of Scorpions ni mwendo wake. Ni wa polepole, na kuna nusu saa ya katikati ambapo watazamaji wa kibanda wataanza kupiga miluzi. Kwa hiyo mwenye kibanda asiiweke Jumamosi usiku msimu wa korosho, watu wakiwa na fedha mfukoni na wanataka mapigano. Hapo aweke Five Deadly Venoms, na kama kuna wazee, aanze na The Black Scorpion. Hii aiweke jioni ya katikati ya wiki, awaalike kina mama, na atafute mtafsiri mwenye sauti tulivu. Mtafsiri huyo apewe sharti moja: mazungumzo ayatafsiri yote, ila Nooran na bibi yake wakianza kuimba, azime kipaza sauti.